Nyumba Iliyozibwa Pua

At-Bashy, mwanzoni mwa Machi

Mama yangu mpenzi,

Najua umeshaninunia, na haki unayo. Nimekaa kimya majira mazima ya baridi na sina cha kujitetea ila uchovu. Nikishika kalamu, mjukuu wako Aisalkyn anaitaka yeye. Akilala, nami nalala papo hapo, kichwa mezani. Nisamehe. Magoti yako yanaendeleaje? Baba amekubali kuvaa ule mkanda wa kiuno, au bado anasema ni wa wazee? Sisi ni wazima, na safari hii neno hilo siliandiki kwa adabu tu.

Haya nisingeweza kukuambia kwenye simu. Wewe simu unaiweka sauti ya juu, na shangazi Uulkan anajibu kabla yako. Tafadhali isome barua hii ukiwa peke yako.

Mwishoni mwa Agosti uliniambia nimlete mtoto kwako ziwani kabla baridi haijashika, maana kifua chake kisingestahimili mwaka wa pili wa moshi wa makaa ya mawe. Ulisema mume anaweza kusubiri, mapafu hayasubiri. Sikukujibu kwa sababu ulisema kweli, na mimi sikutaka kuondoka.

Bektemir alikusikia pia. Wiki iliyofuata aliuza farasi jike wawili, akakopa benki, akaagiza Bishkek nyumba ya kuunganisha, ile inayotoka kiwandani vipande vipande. Nyumba kubwa ya mama yake ilikuwa inakula tani tano za makaa kila baridi na bado tulilala na kofia, kwa hiyo hesabu yake haikuwa ya kijinga. Ila nikuonye, kama kuna mtu huko kwenu anaitamani: bei wanayoitaja ni ya kuta, paa na madirisha. Msingi juu yako. Lori la kuvuka mlima juu yako. Winchi juu yako, kuvuta umeme juu yako. Vilivyokuwa juu yetu vilikaribia nusu ya bei ya nyumba yenyewe. Nilimwambia Bektemir ameuziwa farasi asiye na miguu.

Siku lori lilipoingia uani, watu walisimama kama kwenye mnada. Jirani yetu Mambetaaly alikuja na bakuli lake la chai, akauliza hilo friji letu tutaliwasha lini. Mama mkwe alisema nyumba iliyokuja kwa lori itaondoka kwa lori. Bektemir akamjibu kwamba hata hema la yurta la bibi yake lilikuja mgongoni mwa ngamia na hakuna aliyemcheka. Mama mkwe akasema ngamia alikuwa na haya, hakuja kudai pesa kila mwezi.

Lakini ungeiona ikisimama, Mama! Ukuta unashuka na dirisha lake tayari, unakaa kwenye nafasi yake kama kifungo kwenye tundu. Wiki haikwisha, tukawa tunakaanga maandazi ya borsok ndani yake, harufu iwafikie marehemu wetu. Ni ndogo. Nikiwa jikoni namwona mtoto kitandani, na anayetaka kupita lazima aombe njia. Kuta zimejazwa manyoya ya kondoo, nene kuliko mkono wangu toka kiwiko hadi vidole, na madirisha yana vioo vitatu. Hita moja ya umeme inatosha. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi maji ya ndoo hayajaganda na pumzi yako huioni. Hakuna jivu la kumwaga, hakuna masizi. Nepi zinakauka nyeupe. Nilikuwa nimesahau kwamba nepi ni nyeupe.

Aisalkyn aliacha kukohoa. Nilikuwa nikiamka kusikiliza, nasikia kimya, naogopa, namwekea mkono puani.

Sasa unajua desturi yetu ya Oktoba: uji wa unga, vipande vya magazeti, na kila ufa unazibwa mpaka masika. Bektemir alikuwa ameshuka bondeni na kondoo. Mama mkwe akaja kutukagua. Ukutani kuna vitundu vyenye wavu, na nyuma yake kimashine kinachotoa hewa iliyochoka na kuingiza mpya, na ile inayoingia inapashwa na joto la ile inayotoka. Mafundi walimweleza Bektemir, naye akaitikia kama mwanamume mwenye haraka anavyoitikia. Mama mkwe aliweka kiganja, akahisi upepo, akashtuka kama aliyemkuta mwizi. Akasema watoto wa mjini wametuuzia nyumba yenye matundu na sisi tumelipa tukicheka. Akapika uji, akakata magazeti, akabandika kila wavu. Bomba la hewa la nje akalishindilia manyoya ya zamani. Alibandika vizuri hasa, pembe kwa pembe, na mimi nilimshikia bakuli nikamshukuru.

Haikupita muda madirisha yakaanza kulia. Kila asubuhi nilikuwa napangusa maji kwa taulo. Nyuma ya magodoro yaliyokunjwa ukuta ukaota madoa meusi. Mambetaaly akasema friji limeanza kuyeyuka. Na kikohozi kikarudi, Mama, kile kile cha kubweka, mpaka midomo inabadilika rangi.

Bektemir aliporudi nilimwambia bila kupandisha sauti kwamba naenda kwa mama yangu, na mtoto anakwenda nami, na hilo silijadili. Hakujadili. Alikwenda kututafutia nafasi kwenye gari la Alhamisi. Nguo zetu zote zilikuwa kwenye begi.

Mama mkwe alikuja kumuaga mjukuu. Alijilaza kando yake, shavu kwa shavu, halafu akanyanyuka ghafla akinusa. Akaniuliza nani amefunika tundu la paa. Nikamwambia humu hakuna tundu la paa, hii si yurta. Akasema usinifundishe, mkamwana, hakuna makazi yasiyo na tundu. Akasema kule malishoni, hata theluji ikianguka, mama yake alikuwa akivuta kamba akafunua pembe ya kifuniko. Afadhali theluji idondokee kwenye chai kuliko watu kulala wakinywa pumzi zao wenyewe. Hapo akayatazama magazeti yake ukutani.

Alichukua kisu cha jikoni, akaanza kukwangua. Alisema ni mimi, mwanangu, nimeiziba pua nyumba yenu. Nilitoka nje nikachomoa manyoya kwenye bomba. Niliporudi nilimkuta ameketi sakafuni, mikono imejaa unga uliokauka, kisu kando.

Hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Aliniambia kwamba kabla ya Bektemir na dada zake alikuwapo mtoto mwingine. Aliitwa Sagyn. Alifia katika nyumba kubwa akiwa na umri kama wa Aisalkyn, kando ya jiko, baridi ya kwanza baada ya mama mkwe kushuka kutoka malishoni na kuishi ndani ya kuta. Madirisha alikuwa ameyaziba kama majirani, lakini watu walimwambia ni upepo uliopenya dirishani uliompiga mtoto kifua. Tangu hapo anaziba kila anachokiona. Maisha yake yote, Mama, anapigana na upepo. Sasa ananiuliza mimi kama ni yeye aliyemnyima mwanawe hewa. Nilitaka kumwambia hapana. Lakini sikuwa na hakika, na yeye angejua kwamba ninasema tu. Basi niliishika ile mikono, nikaosha unga kidole kwa kidole.

Bektemir hajui. Mama mkwe ameniomba nisimwambie, na wewe usimwambie shangazi Uulkan.

Nafasi yetu kwenye gari alipewa mtu mwingine. Kikohozi kilipungua kidogo kidogo, kisha kikaisha, na daktari wa hapa amemsikiliza kifua mbele na nyuma akasema ni safi. Ukuta nimeusugua. Umeme ukikatika kile kimashine nacho kinasimama, basi nafungua dirisha kidogo tunakunywa chai tumevaa makoti. Nyumba kubwa tumeifunga, na mama mkwe analala kwetu, upande wa dirisha. Anakoroma, anasogeza sufuria zangu, tunagombana. Usiku akiamka nasikia anavyotembea mpaka ukutani kuweka kiganja kwenye wavu, kuhakikisha upepo upo.

Juzi Mambetaaly alinivuta pembeni akaniuliza bei, kwa sauti ya chini. Nilimwuliza anataka ya kwenye karatasi au ya kweli.

Kwa hiyo siji, Mama. Sikatai neno lako. Ulichotaka ni mtoto apumue, na anapumua. Njooni nyinyi theluji ikiyeyuka. Mtalala kwa zamu, lakini mtalala kwenye joto.

Mbusu Baba kwa niaba yetu, wasalimie majirani wote, na shangazi Uulkan umpe salamu tu, zisizidi hapo.

Binti yako anayekupenda,
Kanyshai

Gari lililoleta barua hii linarudi Alhamisi. Mpe dereva tafadhali: aprikoti kavu za kusini mwa ziwa, mfuko mmoja tu, hatuna pa kuweka miwili, soksi za Aisalkyn, saizi inayofuata, lile godoro jembamba la bluu, si lile nene, dawa yako ya magoti kwa ajili ya mama mkwe, na kadi ya kliniki ya mtoto, ambayo ulibaki nayo ukisema tutaihitaji huko. Wamekubali kumwandikisha hapa.