Karibuni Tena

Jumatatu, 3 Juni

Nimerudi darasani. Walisimama wote, wakanipa pole kwa pamoja kama kwaya. Ubaoni mtu ameandika KARIBUNI TENA. Nikafuta.

Najua neno hilo walikolitoa. Mazishini mimi ndiye niliyeongea kwa niaba ya familia, na nilipofika mwisho mdomo ukaenda wenyewe kule unakoenda kila mahafali: "Asanteni kwa kunisikiliza, karibuni tena." Kando ya kaburi la mume wangu. Mimi, mwalimu wa hotuba. Shule ilikuwa imewaleta wanafunzi kwa basi.

Mama mkwe hakusikia. Masikio yake mazito — afadhali.

Jumatano, 5 Juni

Somo: kutambua lengo la hotuba. Kila mmoja ana kadi nne — kuarifu, kushawishi, kuomboleza, kuchekesha. Msemaji ananinong'oneza lengo lake, kisha anahutubia. Wenzake wakiinua kadi hiyo hiyo, anapata alama zote. Kanuni niliiweka mwenyewe.

Akaja Kasuku. Wenzake ndio waliompa jina hilo, maana msichana huyu anaiga sauti ya mtu yeyote.

"Kuchekesha, Mwalimu," akaninong'oneza.

Akajifunga leso kichwani. Akashika shingo kama ninavyoishika. "Mume wangu alikuwa akivaa shati bichi, ananijia jikoni: hebu ninuse, limekauka?"

Sauti yangu kabisa. Niliyasema hayo mazishini kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Hakuwa mtu wa mambo makubwa.

Alipofika "karibuni tena" kuna waliolala juu ya madawati kwa kicheko. Kadi zote: kuchekesha.

Nikampa alama zote. Nyuma mmoja akasema Mwalimu ana roho nzuri. Mwenzake akajibu, roho gani, huyo alishamzika mumewe pamoja na roho yake.

Ijumaa, 7 Juni

Mkuu wa shule kaniita. Alikuwa amesimama dirishani Jumatano, akasikia yote. Anataka Kasuku ahutubie hiyo hiyo kwenye mashindano ya shule zote.

"Wewe ni mtu mzima, Mwalimu. Na tuseme ukweli, hata uliposema wewe ilichekesha."

Nikamwambia naomba nifikirie. Akasema jina la mtoto ameshalipeleka. Akanisogezea sukari ya chai.

Jumatatu, 10 Juni

Mazoezi. Kasuku akaniuliza kama nimekasirika. Nikasema hapana, ila unakimbia. Ukishasema "limekauka?" nyamaza kidogo. Waache wamwone amesimama pale na shati lake.

Akajaribu. Hata mfagiaji aliyekuwa mlangoni akacheka. Nimemfundisha vizuri.

Jirani kamwambia mama mkwe kwamba kuna mtoto atahutubia juu ya mwanawe ukumbini. Mama akaniuliza, "Kweli, mwanangu?" Nikasema kweli. Nilitaka kuongeza ni hotuba ya aina gani. Alikuwa ameshainuka kutafuta gauni. Tangu mazishi hajavuka mlango.

Alhamisi, 13 Juni

Nimejipanga kutwa nzima kumwambia. Jioni akanijia jikoni na gauni mwilini, amelifua mchana.

"Hebu ninuse, mwanangu. Limekauka?"

Kumbe mume wangu neno hilo alilitoa kwake. Miaka yote hiyo, sikujua.

Nikainama, nikanusa. Kwapani bado bichi. Nikasema limekauka, mama.

Sikumwambia kitu.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika nyuma ya pazia la jukwaa. Ukumbi umejaa. Mkuu kamkalisha mama mkwe mbele kabisa kwa ajili ya masikio yake, akamtambulisha: mama wa marehemu wetu. Leso ya kufutia machozi ameshaitoa.

Kasuku alichungulia. "Mwalimu, yule si bibi wa kule mazishini? Nifanye ya kuomboleza? Maneno ni yale yale."

Anaweza. Nimemsikia, anaweza vyote viwili.

Mkuu akasema wewe fanya tulichokubaliana, usimsumbue Mwalimu. Mtoto bado ananitazama mimi. Nikafungua mdomo. Mshereheshaji akamwita.

Yuko kwenye kipaza sauti. Ameshika shingo. Sasa shati. "Limekauka?" — ananyamaza, palepale nilipomwonyesha.

Ukumbi mzima unacheka. Mama mkwe hajashika neno, naona. Amegeuka kuwatazama watu nyuma yake, mstari kwa mstari, wote meno nje. Anateremsha leso. Na yeye ameanza kucheka, taratibu, kwa adabu, asije akawa peke yake.

"Karibuni tena" bado haijafika —