Mama Anajiita Mwenza, Wifi Anamtaka Kaka

Mpendwa Mshauri Bi Najat, shikamoo. Naomba unisaidie kabla mtoto hajafika, maana mie ndiye niliyebebeshwa neno la kumwambia mama yangu na mdomo wangu haufunguki. Hata barua hii ni ya tatu kuiandika, zile mbili za mwanzo zilikuwa salamu tupu.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, tunakaa Chanika, nyumba bado haijapigwa plasta lakini ina watu wazuri: mama yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Wilbert, kaka yangu Wilbert anayefyatua matofali, na mke wake Tupokigwe, ambaye ni wifi yangu na mtu wa kwanza asiyenicheka ninaposoma kitabu huku nakoroga mboga. Wifi ana mimba ya miezi minane, ndiyo yake ya kwanza, na furaha iliyopo nyumbani siwezi kuieleza yote, kaka akirudi kazini analiinamia tumbo anasema, "Shikamoo bosi," na mama kutoka jikoni anamjibia mtoto, "Marahaba, umeniletea nini?"

Mambo yalianzia kliniki. Muuguzi alimwambia wifi kwamba siku ya kujifungua ataruhusiwa kuingia na mwenza. Mama alikuwa amemsindikiza, na mama yangu ni mtu wa Masasi, kwake yeye mwenza ni mke mwenza, neno hilo halina maana nyingine, basi akasimama palepale kwenye benchi la wajawazito akasema, "Mwenza? Mwenza gani? Mwanangu ana mke mmoja, huyu hapa, nyie mnamtafutia wa pili wakati wa kwanza hata hajazaa?" Benchi zima lilicheka mpaka dada mmoja akaomba ashikwe asianguke. Muuguzi naye akacheka, akaeleza kwamba mwenza pale ni mtu yeyote ambaye mjamzito anamchagua, mume, dada au shoga, wa kumshika mkono, kumpa maji na kumtia moyo. Mama akafikiri kidogo, akasema, "Aaa, kumbe! Basi mwenza ni mimi." Wifi akanyamaza kwa heshima, na kimya hicho ndicho kimetufikisha hapa.

Tangu siku hiyo mama amejitangaza. Mama Genoveva anayeuza vitumbua anamwita kutoka ng'ambo ya barabara, "Mwenza! Leo unachukua vya moto?" naye anaitika. Amenunua doti ya kanga mpya, kipande kimoja chake na kingine cha wifi, ya kuvaa siku hiyo. Asubuhi anasimama uani anafanya mazoezi ya kupumua aliyofundishwa kliniki, "Vuta... toa... vuta..." kwa sauti kubwa mpaka kuku wanahama. Sisi tunacheka na yeye anacheka, lakini mie najua kwamba ndani yake si mchezo. Alishawahi kuniambia kwamba alimzaa kaka akiwa peke yake, marehemu baba akizuiwa getini, na kila alipolia aliambiwa anyamaze, na siku hiyo aliapa kwamba mkwe wake hatapita njia hiyo akiwa peke yake.

Sasa juzi tulikuwa tunamenya njugu mawe, wifi akaniambia polepole, "Wifi, mama nampenda kama mama yangu aliyenizaa, lakini siku ile namtaka Wilbert." Nikamuuliza kwa nini. Akasema kaka anajua pa kumkandamiza mgongo ukimuuma, na hana maneno mengi, halafu akasema, "Mbele ya mama mkwe nitajibana. Nitaogopa hata kulia." Bi Najat, nilimwelewa kabisa, kwa sababu mie hujibana mbele ya kila mtu.

Nilimpelekea kaka habari, akafurahi mpaka akakaa chini. Kwenye kijiwe rafiki yake Nikodemu ameshamtania, "Braza, mtasukuma kwa zamu?" naye akajibu, "Wewe cheka tu, mie nitakuwepo mwanangu akipiga kelele ya kwanza, wewe utakuwa hapa unacheza drafti." Ameshaomba ruhusa kazini. Lakini nilipomwambia azungumze na mama, aligeuka ghafla kuwa mtoto mdogo, "Mwambie wewe, mdogo wangu, wewe ndiye umesoma." Wifi naye anasema, "Mwambie wewe, wewe ni damu yake."

Nikajaribu. Niliingia jikoni na maneno yangu nimeyapanga, nikaanza, "Mama, kuhusu yule mwenza..." Akageuka uso unang'aa, "Eee, mwenza nipo!" akanipa ukoko wa wali. Nikaula, nikatoka.

Sasa nifanye nini? Nimewaza nimwambie kwamba kituo kimebadilisha utaratibu, wanaruhusiwa wanaume tu. Au ninyamaze, wifi aingie na mama, nyumba ibaki na amani? Siku zinakwenda na tumbo linashuka. Tafadhali nijibu upesi.

Mie mwenye maneno kwenye karatasi tu,
Chanika.

* * *

Marahaba, mwanangu wa Chanika.

Kwanza nikupongeze. Wanawake wengi wanaoniandikia hawana hata mtu mmoja wa kuwashika mkono, na nyie kwenu watu wawili wanagombea nafasi. Tatizo la namna hii ningependa kila mjamzito alipate.

Sasa nikugombeze. Huo uongo wa "wanaume tu" uzike leo. Mama yako ni mtu wa kusimama kliniki na kuuliza mbele ya watu, na akijua kwamba umemdanganya hatalia kwa sababu ya leba, atalia kwa sababu yako. Na kunyamaza usikuite amani. Mwanamke anayejibana wakati wa uchungu anateseka mara mbili. Anayezaa ndiye anayechagua nani awe naye: si mama mkwe, si mume, si wifi, wala si mimi ninayekaa hapa na kalamu. Tupokigwe ameshachagua. Kilichobaki ni kumfikishia mama kwa upendo.

Lakini mzigo huo si wako peke yako. Mpe kaka yako ukurasa huu ausome mwenyewe. Wilbert, unasoma? Unataka kuingia leba kama simba, halafu unamwogopa mama yako jikoni? Umeomba ruhusa kwa bosi wa matofali, hukuomba kwa aliyekuzaa. Utazungumza wewe, kwa mdomo wako, na mkeo akiwa amekaa karibu yako. Usianze na neno mwenza, hilo limeshaleta vurugu za kutosha. Anza kwa kumwomba mama akusimulie siku uliyozaliwa. Msikilize mpaka amalize, usimkatize. Kisha mwambie, "Mama, baba alizuiwa getini. Mimi nimefunguliwa geti, naomba baraka yako niingie."

Na wewe, binti, sehemu yako ni sentensi moja tu, na usiikwepe: "Mama, wifi anakuheshimu mno mpaka anaogopa kulia mbele yako." Itamke ukimtazama. Mama yako aliambiwa anyamaze akiwa na uchungu. Hakuna mtu duniani atakayeielewa sentensi hiyo haraka kuliko yeye. Isitoshe, aliapa kwamba mkwe wake hatakuwa peke yake. Hakuapa kwamba lazima awe yeye. Kiapo chake kitatimia, tena kwa mikono ya mtoto aliyemzaa siku ileile. Anaweza kununa kidogo. Mwacheni anune, na msimkimbie.

Halafu msimwambie eti akae nyumbani apumzike. Nendeni kituoni wote pamoja mkamuulize muuguzi kama chumba chao kina mapazia, maana si kila mahali baba anaweza kuingia, na wale kina mama wengine nao wana haki ya kusitiriwa. Kama Wilbert atazuiwa siku yenyewe, mama ndiye ataingia, na Tupokigwe aambiwe hivyo mapema, akubali kwa hiari yake. Kwa hiyo mazoezi ya kupumua yaendelee, kuku watavumilia. Wilbert akiruhusiwa, mama akae nje mlangoni na kanga yake mpya, maana baada ya kilio cha kwanza anayehitajika ni yeye.

Uzazi hauishii leba. Wilbert anajua mgongo, lakini arobaini nzima anaijua nani? Uji wa mzazi usiokosa pilipili manga, nguo za mtoto, kumkanda mzazi kwa maji ya vuguvugu (Mama Wilbert, nasema vuguvugu, si ya kuchemka, yanaunguza), na kuwafukuza kwa adabu wageni wanaokuja kukaa mpaka magharibi wakati mzazi anataka kulala. Hiyo ni kazi ya mtu mzima mwenye sauti, na sauti nimesikia anayo. Kitu kimoja tu asikiguse: mtoto anyonye maziwa ya mama yake peke yake mpaka atimize miezi sita, asipewe maji, wala uji, wala dawa ya tumbo ya jirani. Hapo mtu asije akasema "sisi wote tulipewa na tukakua." Na chakula kizuri apewe anayenyonyesha, nyama zisiishie kwa mfyatua matofali.

Wewe unayependa kusoma, kazi yako ninayo. Mkae na wifi mpange nani ana usafiri wa uhakika, nani atakuwa tayari kutoa damu ikihitajika, na begi liwe limefungwa karibu na mlango. Akiumwa sana kichwa, akiona ukungu machoni, akivimba uso au mikono ghafla, akitokwa na damu, au mtoto akipunguza kucheza, ni kituoni saa hiyohiyo, msisubiri kaka atoke kazini wala mama amalize kupika.

Mazungumzo na mama yafanyike leo, jua likiwa bado lipo, wote wanne mkiwa mmekaa chini. Mimba ya miezi minane haisubiri Jumapili, na huyo mtoto akishaamua kutoka, hatawauliza kama kikao chenu kimekwisha.