Nitakachosema Kesho Mahakamani

Mdogo wangu,

Mimi mzima, ila kazi haiendi. Tangu asubuhi nashona gauni la binti wa jirani, na kila mshono ninaoumaliza naufumua. Mama anakusalimu. Amekufulia shati la bluu uvae kesho mahakamani.

Analia, halafu ananigeukia mimi: "Ni wewe tu uliyekuwepo pale ngazini. Sema fundi viatu aliteleza. Kwani Mungu si upendo?"

Nikamjibu, "Mama, na fundi viatu je, Mungu hampendi?"

Akaninunia. Mpaka sasa hatusemezani.

Jana nilikwenda kumwona huyo fundi. Mguu uliovunjika bado una plasta. Unajua aliniuliza nini? Kama huko rumande unakula vizuri.

Nimesali mpaka nimechoka. Bwana pale msalabani aliomba wasamehewe, lakini hakusema hakuna kilichotokea. Misumari ilikuwa bado mikononi mwake. Mimi mwenyewe, nguo nisiyoijali, mshono ukipinda naupiga pasi juu kwa juu, naikunja, imeisha hiyo. Ninayoipenda ndiyo ninayoifumua.

Kwa hiyo kesho nitasema nilichokiona: mlizozana, ukamsukuma, akaanguka ngazini. Najua utanikasirikia. Nikimaliza, nitakuja kukaa kwenye benchi lililo nyuma yako, Mama apende asipende, na popote watakapokupeleka nitakufuata kila siku ya kuona wafungwa.

Vifungo vya shati nimevikaza mwenyewe. Livae.

Dada yako