Ngazi Kavu

Karshiyaka, Plovdiv
16 Novemba

Mpendwa binti yangu Radina,

Pokea salamu zangu nyingi, mwanangu. Naomba barua hii ikukute mzima, na baridi ya Ireland isiwe imekuingia kifuani kama mwaka juzi. Unakula vizuri? Mimi sijambo, ila goti linanisumbua. Habari za mama yako ndizo zimenifanya nishike kalamu, maana kwa simu ningeishia kukuuliza habari za mvua.

Pilipili hoho za kuhifadhi kwa baridi tumeshachoma uani na jirani yetu Penka, aliyeongea kuliko alivyomenya. Chupa zako nimekuwekea.

Mama yako anatibiwa. Hapa mjini sasa wanatibu huzuni na wasiwasi wa muda mrefu kwa njia mbili pamoja. Kwanza anakalishwa kwenye kiti, anawekewa sumaku kichwani, juu ya paji upande wa kushoto, nayo inagonga kama kijiko mezani. Hapasuliwi wala halazwi usingizi. Akitoka hapo anaingia chumba cha pili kuzungumza na Daktari Vaseva. Nilivyoelewa mimi, sumaku inaiamsha sehemu ya ubongo iliyozubaa, na mazungumzo yanaipa kazi kabla haijazubaa tena. Daktari hajaahidi kwamba atapona kabisa.

Siku ya kwanza, tukirudi kwa basi, nilimuuliza kama inauma.

"Inadonoa, Spas," akasema. "Lakini afadhali hiyo kuliko wewe ukianza kulalamika."

Nilicheka mpaka dereva wa basi akageuka. Utani wake nilikuwa nimeusahau.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Siku uliyoondoka, mama yako hakutoka kumwaga maji mbele yako, kama desturi yetu, ili safari itiririke vizuri. Ulisimama mlangoni na sanduku, ukangoja, ukashuka. Njiani ukaniambia kwamba mama amekunyima baraka, na tangu hapo hujakanyaga nyumbani. Mimi nami niliamini amenuna kwa kuwa hakutaka uende. Hakuna aliyemuuliza, si wewe wala mimi.

Wiki iliyopita, tukirudi kutoka hospitali, aliniambia mwenyewe. Asubuhi ile alijaza jagi, akaketi kitandani, na mkono ukakataa kuliinua. Alikusikia ukingoja. Alisikia magurudumu ya sanduku yakishuka ngazi moja moja. Ugonjwa ulikuwa umeshamshika, Radina, na sisi tukauita kiburi. Inaniuma sana. Laiti matibabu haya yangekuwepo wakati ule, au laiti tungefungua tu mlango wa chumba chake.

Tangu siku hiyo anaamini kwamba lolote baya likikupata, chanzo ni maji yale. Ndiyo maana akaanza kummwagia kila anayetoka, hata mimi nikienda kununua mkate. Penka aliwahi kuteleza akaketi chini pu! "Wewe Zlatka," akapiga kelele, "unatuaga au unatuzamisha?" Tulicheka jengo zima. Mama yako alikuwa halali usingizi, na sisi tunacheka.

Daktari amempa kazi: aniache nitoke bila maji, akae na hofu yake mpaka ipungue yenyewe. Jumatatu nilishuka ngazi kavu. Alisimama mlangoni, mikono nyuma. Nilipofika chini nusura nirudi juu nikayamwage mimi. Niliporudi na mkate nilimkuta jikoni amelowa jasho.

"Umerudi, mzee," akasema.

"Nimerudi. Kwani ulitaka nihamie dukani?"

Tukanywa chai.

Kazi ngumu kuliko zote imebaki, na bila wewe haifanyiki. Njoo Krismasi. Mlete na mjukuu wetu Mila, bibi yake amechoka kumbusu kwenye picha. Hatakulaumu, na wewe usije na lawama.

Nisalimie mumeo Declan. Shangazi yako Todorka anakusalimu sana, na Penka anasema umletee chai nzuri. Mungu awafunike nyote, mlale na kuamka salama.

Siku ya kuondoka, mama yako atasimama mlangoni mikono mitupu, na ngazi zitakuwa kavu kama siku ile. Safari hii, mwanangu, mtazame usoni kabla hujashuka.

Ni mimi babako, nikupendaye na kukukumbuka kila siku,

Spas