Nywele za Mdoli Zilizokuwa Katani

Tena wifi angeniuliza tu, ningemwambia! Mdomo ninao, na jikoni nilipokuwa hata si mbali.

Jumapili, Korogwe. Jua kali tangu asubuhi, na mimi nawaka kulishinda.

Mnaonisoma tangu harusi mnajua ninavyompenda huyu Bakari wangu. Kazini anatengeneza redio; akirudi nyumbani anajenga reli ndogo juu ya meza ya sebuleni, na kituo chake, kwa midoli mibovu anayoitafuta kwenye mitumba sokoni. Beseni la kuogeshea mdoli limekuwa tangi la maji la kituo. Mkono wa katapila la plastiki umekuwa winchi ya kupakia mizigo. Na nywele za mdoli, zile za njano, tulizikata pamoja, tukazichana, tukazifunga vifungu vidogo vidogo, mabehewa yakabeba katani! Ungeapa imetoka shambani jana. Nilimbusu palepale, gundi ikiwa bado vidoleni.

Basi wifi Zaina, dada yake mkubwa, akaja kututembelea kutoka Handeni. Jana asubuhi nikiwa jikoni, yeye akafagia sebule. Akaona boksi la vipuri, akaona na yule mdoli mwenye upara. Ninatoka na chai, moshi mweusi unapanda nyuma ya nyumba. Boksi, tangi, winchi, katani, vyote motoni.

"Wifi, nyumba ya maharusi mnafuga midoli iliyonyolewa? Mtoto hajaja, mnamtangulizia nuksi! Mtanishukuru."

Nuksi!

Najua vitu vya mtoto havinunuliwi kabla hajazaliwa, hata mama yangu husema hivyo. Lakini nuksi gani ya winchi? Nilimuuliza hivyohivyo. Akacheka.

"Huyu kachezea magari ya maboksi mpaka kaota ndevu. Wewe ni mke, bibi, si mchezaji mwenzake."

Mimi ni mchezaji mwenzake. Ndiyo raha yenyewe ya kuolewa naye!

Bakari aliporudi alitazama majivu, akasema, "Mwache, ni dada yangu." Akaketi mbele ya meza. Treni imebaki pale na reli tupu, na mpaka sasa hajaigusa.

Nimemwona mume wangu akiona aibu ndani ya nyumba yake, kwa kitu kinachomfurahisha. Hilo ndilo limenichoma kuliko moto wenyewe.

Leo wifi amerudi kwake. Nilimbebea begi mpaka stendi, nikanyamaza, kwa sababu Bakari alinisihi kwa macho. Lakini sitanyamaza moja kwa moja. Nimemwambia Bakari: tutakwenda Handeni. Nitampa dada yako shikamoo yake, nitampelekea na sukari. Kisha nitamwambia, wewe ukiwa umekaa hapohapo, kwamba cha nyumbani kwetu kinaulizwa kabla ya kuguswa. Nikimaliza, nitaomba midoli yote mibovu ya wanawe.

Bakari akacheka. Tangu jana sikuwa nimemsikia.

Wifi, najua huwa unapita hapa kusoma. Mwezi huu hautaisha kabla hatujabisha hodi kwako.