Papa Munyaneza, Mtu wa Lori la Mwisho

Papa, leo umetimiza mwaka mmoja tangu utuache, na Mama Kasika wa mlango wa pili bado anasimulia kwamba siku mji wetu ulipoanguka, wewe ulikuwa wa kwanza kutoroka. Anasema alikuona kwa macho yake: koti la jeshi, kofia nyekundu, umekaa mbele katika lori la kwanza. Sasa mjukuu wako Goretti ameanza kutuuliza kama babu alikuwa mtoro.

Wasiokujua wajue. Ulikuwa komanda. Wakubwa wa mji walipokimbia vita, watu walikuomba ushike serikali, ukaishika miezi minne. Ulituambia kwamba kwenye chuo cha jeshi walikufundisha juu ya jenerali mmoja wa Italia, naye alikabidhiwa serikali vita vikiendelea. "Kazi ya pili ndiyo ngumu," ulisema. "Askari wanatii. Raia wanauliza."

Chakula kilipokwisha, mji umezingirwa, ulitangaza redioni silaha ziwekwe chini, watu wapewe njia ya kutoka. Wengine walikuita mwoga. Lakini Papa, siku ile haikulia hata risasi moja. Sisi tulio hai tunatembea kifua mbele kwa sababu hiyo.

Hapa ughaibuni, Brooklyn Center, hukujitangaza. Ulipanga maboksi kwenye ghala kule Eagan, na Griffins, yule msimamizi Mkenya, hakujua kama anamwamuru komanda. Kwenye basi ulishuka wa mwisho kila siku.

"Mzee, dereva ataondoka na wewe!" wenzako walikuita.

"Aondoke. Kwanza nione wote wameshuka."

Kanisani vilevile, kiti cha karibu na mlango kilikuwa chako, uone wote wametoka.

Habari ya koti naijua mimi, Joyeuse wako. Nilikuwa na miaka kumi, na shule yangu iliishia wiki ile. Nilikaa katika lori la kwanza, nyuma ya katekista. Yeye ndiye uliyemvika koti lako na kofia yako, ili askari kwenye kizuizi cha barabara wadhani ni wewe, watufungulie njia. Wewe ulibaki barabarani na shati tu, unahesabu watu.

Wiki jana nilimkuta Mama Kasika kwenye chumba cha kufulia.

"Mama, wewe ulipanda lori gani?"

"La mwisho. Nilikuwa na Kasika mikononi, mchanga kabisa. Nilishindwa kupanda."

"Nani alikupandisha?"

"Mwanaume mmoja. Alimpokea mtoto kwanza, halafu akanivuta mimi."

"Alivaa nini?"

"We mtoto, maswali gani haya! Alivaa shati..."

Tunaokukumbuka, na tutakaokukumbuka siku zote, ni mke wako Générose, watoto wako Gilbert, Kalume na mimi Joyeuse, na Goretti wako. Jumamosi saa nane mchana tutakusanyika kanisani. Kiti chako hatutakikalia.

Nilimwomba Mama Kasika asimame siku hiyo mbele ya watu, mbele ya Goretti, aseme shati lile lilikuwa la nani. Alikunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena. Jumamosi tutamngoja.