Makofi ya Mkono Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Uji. Dawa. Kumfuta Baba uso, kumgeuza. Mama kaenda sokoni na mchele wake, nimebaki mimi. Mvua tangu asubuhi. Foleni ya malori imefika hadi huku kwetu, madereva wanapiga honi utafikiri honi ndo inafungua mpaka.

Nimemaliza tena kile kitabu kisicho na jalada. Sijui kinaitwaje wala kaandika nani. Nilikinunua kwa muuza karanga, alikuwa ameshachana kurasa za mwanzo anafungia. Kwa hiyo kinaanza katikati ya sentensi: mwanamke, fundi redio, anazunguka vijijini na begi la spana akimtafuta kaka yake. Nakipenda kichizi! Shule niliachia kidato cha pili, mengi ninayoyajua nimeyatoa kwenye vitabu vya namna hii. Sina wa kumwambia. Mama anasinzia kabla sijafika nukta. Baba zamani alikuwa anasema, "We Eliza, hivyo vitabu vya uongo vitakupa ugali?" Sasa hasemi kitu. Kiharusi kimevuta mdomo, upande wa kulia wote umekufa. Mkono wa kushoto tu ndo unafanya kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemsomea Baba! Sijui kwa nini sikuwaza mapema. Nimekaa pembeni ya kitanda nikaanza tu. Ananitazama muda wote. Nimefika pale fundi anafungua redio ya mjane anakuta nyigu wamejenga ndani, Baba akaanza kupiga paja kwa mkono wa kushoto. Pa. Pa. Pa.

Sisi Wanamwanga tunashukuru kwa makofi. Umepewa chakula, makofi. Unamsalimia mkubwa, unachuchumaa, makofi. Baba mkono mmoja umekufa, basi kapiga paja.

Nimelia. Baba hajawahi kushukuru kwa kitu ninachokipenda mimi. Hajawahi.

Ijumaa, 7 Machi

Sura mbili. Makofi mengi kuliko jana. Nilisahau hata kula.

Mama karudi, kauliza, "Baba yako umemgeuza?" Nimesema ndiyo. Nilimgeuza mchana. Nadhani.

Jumapili, 9 Machi

Watu wa kanisani wamekuja kumwombea. Nikashindwa kunyamaza, nikawaambia habari ya makofi. Mwinjilisti kacheka: "Kumbe! Mzee kasubiri alazwe kitandani ndo aanze shule!" Wote wakacheka. Baba hakucheka, lakini mdomo wake siku hizi hauchekeshwi na kitu.

Wakataka nisome. Nikasoma, na sauti za watu nikaigiza, na mjane na nyigu. Baba akapiga paja kwa nguvu, mpaka jasho linamtoka. Wakamjibu. Chumba kizima kikampigia makofi Baba, na yeye anapiga, na wao wanapiga.

Nimejisikia kama nimeshinda kitu.

Jumatatu, 10 Machi

Shangazi, dada yake Baba, kavuka mpaka kutoka Nakonde. Kachuchumaa, kampigia kaka yake makofi ya salamu. Halafu kanusa. Kavuta shuka, kamgeuza.

Kidonda. Chini ya mgongo, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai. Katikati cheusi.

Nikaanza kumweleza kitabu, makofi, watu wa kanisani. Nilikuwa naongea haraka. Kanikatiza.

"Awe, Eliza." Kwao kule ndo kusema hapana. "Awe. Huyu alikuwa anakuita."

"Nilijua anashukuru, Shangazi."

"Anashukuru nini, mwili unaoza?"

Mama kakaa chini sakafuni. Hakunifokea. Bora angenifokea.

Jumanne, 11 Machi

Hospitali. Wamekata nyama iliyokufa. Baba kalia bila sauti, mimi nimemshika ule mkono wa kushoto. Umenibana mpaka vidole vimekufa ganzi.

Nimemwomba msamaha. Hawezi kunijibu. Hawezi kunisamehe, hawezi kukataa, hawezi hata kunitukana. Muuguzi kasema tumfundishe kufumba macho, iwe ndiyo. Anafumba kwa kila kitu. Unaumwa? Anafumba. Huumwi? Anafumba.

Tumerudi nyumbani jioni, vitabu vyote nimevitia kwenye kiroba, nikasukumia chini ya kitanda cha Baba. Leo hata fundi redio namchukia. Kila redio iliyonyamaza anajua imekufa wapi. Mimi mtu ananiita mbele ya uso wangu, nasoma.

Ijumaa, 14 Machi

Anapiga, namgeuza. Anapiga, namgeuza. Kidonda kinatoa maji. Shangazi karudi kwake. Sijasoma hata karatasi ya kufungia maandazi.

Jumapili, 16 Machi

Mama kanisani. Mvua ndogo.

Baba kapiga paja. Nimemgeuza. Kapiga tena. Maji, kafunga mdomo. Kopo la haja, hapana. Dirisha nimefungua, nimefunga. Dawa alishapewa. Nimeangalia kidonda, bandeji iko sawa. Anapiga tu.

Nimekosa la kufanya, nimekaa sakafuni. Kiroba kilikuwa hapo usawa wa macho yangu. Nikatoa kile kisicho na jalada, nikamwonesha. Basi tu.

Kaacha kupiga.

Sijui ndo alichokuwa anataka, au amechoka kuita. Nimemwuliza. Kafumba macho. Nimemwuliza kinyume chake. Kafumba.

Nikasoma ukurasa mmoja. Nikamgeuza. Nikasoma mwingine.